Ndege Iliyokaushwa kwa Moshi

Ndege ya Kazimili haikuwahi kuua mtu ilipokuwa ya vita. Hilo lisemwe mapema, maana watu wa Biharamulo wana tabia ya kuongeza chumvi, na leo utamsikia mtu ambaye hata hakuwapo akiapa kwamba ndege ile ilikuwa na mizimu ya Wajerumani. Mizimu ya nini! Ilikuwa ndege ya kufundishia marubani tu, ya mbao na kitambaa, yenye mabawa mawili yaliyopandana kila upande na viti viwili vya wazi, kimoja nyuma ya kingine. Ilitengenezwa wakati wa vita vya Hitila, ikafundisha vijana wa Kiingereza kupaa na kutua, vita vikaisha, ikauzwa. Ilikuja kuua wakati wa amani, siku ya sherehe, mbele ya watu waliokuwa wakiipigia vigelegele. Ilimuua Bonaventura, mtoto pekee wa Eufrazia, aliyekuwa ametoka vita vya Kagera bila mkwaruzo.

Na aliyeitunza ndege ile miaka yote, kwa mapenzi ambayo wanaume wengine hawawapi hata wake zao, ni mjomba wa marehemu.

Kazimili alikuwa mtu wa Kanazi, mrefu, mkavu, mwenye maneno machache na kiburi kingi. Alikwenda Burma na Keya, jeshi la mkoloni, lakini huko hakushika bunduki sana. Alibeba madebe ya petroli kwenye kiwanja cha ndege. Wenzake walirudi na mablanketi na baiskeli. Yeye alirudi na ugonjwa wa kutazama juu. Baadaye akapata kazi kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akikagua mapori ya mbung'o huku Biharamulo, ambaye watu walimwita Bwana Mbung'o mwenyewe akiitika. Huyo ndiye aliyeinunua ile ndege kuukuu. Kazimili aliiosha, aliitia grisi, na asubuhi ndiye aliyelizungusha pangaboi la mbele kwa mikono mpaka injini ikohoe na kuwaka. Bwana Mbung'o alimweleza mambo mengi ya ajabu, na lililomchekesha kuliko yote ni kwamba mbavu za mabawa zimeshikizwa kwa gundi iliyopikwa kwa maziwa. Kazimili alilipeleka neno hilo vilabuni, na watu wakacheka mpaka pombe ikawapalia. Wazungu bwana, maziwa hawanywi, wanajengea ndege!

Mwaka wa uhuru Bwana Mbung'o akaugua, akachukuliwa kwa gari akiwa amelazwa, na neno lake la mwisho kwa Kazimili lilikuwa: "Itunze. Ikae pakavu." Hakurudi tena, wala hakuna aliyekuja kuidai ndege.

Kazimili hakujaliwa mtoto wa kiume. Dada yake, Eufrazia, alifiwa na mume mapema, na mwanawe Bonaventura akalelewa mikononi mwa mjomba, ndani ya kibanda cha ndege chenye harufu ya grisi. Wengine hulelewa na ng'ombe, wengine na migomba. Yule alilelewa na ndege. Alisoma, akafaulu, akaingia jeshini, akawa rubani. Siku aliyorudi likizo mara ya kwanza na kofia yake, Kazimili alimwita kila mpita njia aje aone. Watu walisema mtoto amemrithi mjomba, na kwa mara moja hawakuwa wameongeza chumvi.

Ikaja operesheni ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Malori yalipita yakizoa watu, paa za nyumba ziling'olewa ili mtu asipate pa kurudi. Kazimili aliambiwa apande lori. Akasema hapandi mpaka ndege nayo ihame. Telesfori, aliyekuwa ameteuliwa mwenyekiti wa kijiji kipya kando ya barabara ya Biharamulo, mtu mfupi aliyependa hotuba kuliko chakula, alimwambia ndege si mwananchi. Kazimili akaketi chini ya bawa lake. Lori likangoja, dereva akatukana, jua likapanda.

Aliyewaokoa ni Shibuda, Msukuma aliyekuwa amehamia na ng'ombe wake kutoka upande wa Shinyanga. Alileta mafahali wake wa kulimia, akaifunga ndege kamba mkiani, akaiburuta kinyumenyume mpaka kijijini, mkia ukitangulia, kichwa kikifuata. Watu walisimama kando ya barabara wakishika mbavu kwa kucheka. "Ng'ombe wangu sasa ni malubani!" Shibuda akapiga kelele. Kazimili hakucheka. Alitembea pembeni mkono wake ukiwa juu ya bawa, kama mtu anayesindikiza mgonjwa hospitali.

Ndege ikaingizwa kwenye ghala la pamba ambalo halikuwa na pamba. Sakafu ilikuwa ya udongo, na mchwa wa pale hawakuwa na adabu. Baada ya wiki chache tu walikuwa wameshajenga vichuguu kwenye magogo yaliyoegemezwa ukutani. Kazimili akakosa usingizi. Shibuda alipokuja kumsalimia alimkuta amepiga magoti anakwangua udongo chini ya magurudumu.

"Mzee Kazimili, hivyo utakwangua mpaka ufe. Washa moshi. Kinyesi cha ng'ombe ninacho tele, njoo uchukue. Moshi ukikaa humu, mchwa hakai."

Kazimili hakuhitaji kufundishwa hilo. Kwa mama yake huko Kanazi boriti zilizokuwa juu ya mafiga zilikuwa nyeusi tii, ngumu, mdudu hajazionja tangu enzi za babu. Mbegu za mahindi zilining'inizwa palepale juu ya moto. Vibuyu vya maziwa vilifukizwa moshi. Kitu unachotaka kikae, unakikausha kwa moshi, nani asiyejua? Na Bwana Mbung'o mwenyewe alisema ikae pakavu. Basi akakata pipa vipande viwili, kimoja kila upande chini ya mabawa, na jioni akawa anawasha kinyesi kikavu na magome ya miti, anakaa pale na kiko chake mpaka ghala lijae. Masika, mvua ikinyesha, aliwasha tangu asubuhi. Miaka ikapita hivyo. Mchwa walikimbia, popo walikimbia, na kitambaa cha mabawa kikawa na rangi ya mkeka wa jikoni. Kazimili mwenyewe akanuka moshi kiasi kwamba kanisani watu walimwachia benchi.

Mwaka uliotangulia vita alikibandua kitambaa kile kilichochakaa ili ashone kipya cha marekani. Na hapo, kwenye maungio, mahali mbavu zinapokutana na boriti ya bawa, akaona unga mweupe. Alipopuliza ulipeperuka. Alipogonga kwa kidole ukadondoka mwingine.

Mkulima akiona unga kwenye mahindi hajiulizi mara mbili: fukusi wameingia. Kazimili akasema fukusi. Lakini fukusi huacha matundu, na Kazimili aliligeuza bawa lile huku na huku, akalitazama kwa jicho la karibu, hakuona tundu hata moja. Mbao zilikuwa nzima, ngumu kama chuma. Kitu kikamgusa moyoni, akakisukuma. Mtu akipenda sana kitu hataki kuulizwa habari zake, hata na nafsi yake mwenyewe. Akaufuta ule unga kwa kitambaa kilicholowana mafuta ya taa, akavuta marekani juu, akashona, akapaka dawa ya kukaza kitambaa na rangi ya fedha. Kisha akaongeza moto.

Vita vilipoanza, ndege za adui zilipita mbali upande wa ziwa, na habari za mabomu ya Bukoba zikafika kabla ya magazeti. Kijiji kikageuka dhidi ya ndege. Watu waliokuwa wakiijia na wageni wao kuionyesha sasa walisema itawaletea maangamizi. Adui akiiona kutoka juu atadhani hapa ni kambi. Wengine walikwenda kulala mashambani. Kuna waliotaka isukumwe bondeni ikachomwe, na walikuja mpaka mlangoni mwa ghala wakiwa na viberiti. Kazimili alisimama na shoka mlangoni. Telesfori, kwa mara ya kwanza maishani, alitoa hotuba fupi: akasema ifunikwe majani ya migomba na watu warudi makwao. Ikafunikwa. Moshi haukuzimwa hata siku moja.

Eufrazia, yeye, alikuwa na hofu yake nyingine. Bonaventura alikuwa kwenye ndege za mizigo, akipeleka risasi na unga mbele na kurudisha majeruhi. Mama yake alisali rozari akitembea, akilima, akipepeta. Aliweka nadhiri ambazo hata padri alimwambia apunguze. Na Mungu akamsikia. Adui akafukuzwa, vita vikaisha, na Bonaventura akashuka kwenye lori pale njia panda, amekonda, ana ndevu, mzima. Eufrazia alikaa chini katikati ya barabara akalia mpaka dereva akazima injini kumsubiri.

Kijiji kilikuwa kimepeleka vijana wengi mgambo, na si wote waliorudi. Telesfori akaamua kuwe na sherehe kubwa ya kuwapokea walio hai na kuwakumbuka waliokufa. Wageni watatoka wilayani. Kutakuwa na ngoma, kwaya, gwaride. Na katika kilele, akasema huku akiinuka kwenye ncha za vidole, ndege ya kijiji itapaa, ikirushwa na shujaa wa kijiji. Petroli ilikuwa adimu siku zile kuliko dhahabu, lakini ikapatikana. Ruhusa je? Ruhusa ilisemekana inakuja. Mpaka leo inakuja.

Siku tatu kabla ya sherehe Bonaventura alikwenda ghalani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umeiona? Itazame vizuri. Mpya kabisa hii."

Ilikuwa inang'aa kweli. Kazimili alikuwa ameisugua mpaka rangi ya fedha inarudisha uso wa mtu. Bonaventura alitabasamu, akaizunguka polepole, akiigusa hapa na pale kama mtu anayesalimiana na ng'ombe aliyemkamua utotoni. Waliiwasha injini, ilikohoa, ikapiga chafya, ikaunguruma vizuri, na Kazimili akajifuta macho akisema ni moshi. Kisha rubani akaizima, akashika ncha ya bawa la juu upande wa kushoto, akalitikisa. Ndani mlisikika mlio mdogo wa kuparuzana.

Bonaventura akatikisa tena. Halafu akatoa kisu chake, akafumua mshono kidogo chini ya bawa, akaingiza vidole viwili. Vilitoka vyeupe.

"Mjomba, hii nini?"

"Fukusi. Nilishawamaliza."

"Matundu yao yako wapi?"

"Matundu unayataka ya nini? Nimekwambia nimewamaliza."

Bonaventura alisugua ule unga kati ya vidole. Akalinusa pipa lililokatwa pale chini, akatazama juu kwenye paa jeusi, akatazama tena vidole vyake. Kazimili alimwona akitaka kusema, akimeza. Alipofungua kinywa sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Mimi nafikiri tuiache chini, mjomba. Tuisukume uwanjani, watu waishike, wazee wapande wakae. Ndege ya umri huu heshima yake ni kutazamwa."

Hapo Kazimili angeweza kuuliza: kwa nini? Neno moja tu, la kawaida, ambalo hata kilema wa akili angeliuliza. Badala yake alihisi amepigwa kofi.

"Kwa hiyo mimi miaka yote nimetunza sanamu?"

"Sikusema hivyo."

"Nilisimama na shoka hapo mlangoni kwa ajili ya sanamu? Sema tu, Bona. Umezoea ndege za serikali, zenye mitambo na taa. Ya mjomba wako unaionea haya."

"Siionei haya, mjomba."

"Basi ruka."

Nje Shibuda alikuwa akiwafokea ng'ombe wake kwa Kisukuma.

"Haya," Bonaventura akasema. "Nitaruka."

"Na mimi nitakaa kiti cha mbele. Nimeingoja siku hii tangu Burma."

"Hapana. Nitaruka peke yangu."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtoto yule kumwambia mjomba wake hapana. Kazimili alinuna siku ile yote na iliyofuata. Alimwambia Shibuda kwamba vyeo vya jeshi vinaharibu vijana, kwamba mtoto amemnyima hata kiti. Shibuda akamwambia, "Wewe unalilia kiti, mwenzako anakurushia ndege. Shukulu," naye akanuna zaidi.

Siku ya sherehe jua lilitoka safi. Watu walitoka Nyamiaga, walitoka Ngara mjini, wengine walitoka mpaka Rusumo kwa malori. Mgambo walipita kwa gwaride, nguo zimepigwa pasi, na mama waliofiwa wakakalishwa viti vya nyuma kwenye kivuli cha turubai. Eufrazia alikaa nao, ingawa wa kwake alikuwa hai; alisema hawezi kukaa mbele na furaha yake wakati wenzake wanalia nyuma. Majina ya waliokufa yakasomwa. Kisha Telesfori akahutubia, na angekuwa anahutubia hadi leo kama injini isingewaka.

Kazimili alilizungusha pangaboi kwa mikono yake mwenyewe. Ndege ikakimbia kwenye nyasi, ikarukaruka, ikaacha ardhi. Uwanja mzima ukalipuka. Wazee walitupa kofia, wanawake walipiga vigelegele, na Kazimili, mtu yule mkavu, alikuwa akilia wazi mbele za watu bila kuwasingizia moshi.

Bonaventura aliirusha taratibu mno. Hakupanda juu sana, hakuiinamisha. Aliizungusha kwa mzunguko mpana, mpole, mpaka mashamba ya mbali, akarudi upande wa pili wa uwanja, akaanza kushuka. Ilikuwa imekwisha kabla watu hawajashiba. "Tena!" watu wakapiga kelele. "Tena! Tena!" Mgeni mmoja wa wilayani alikuwa amegeuka akiongea na jirani yake, hata hakuiona ilivyopita. Kazimili alimwona yule mgeni hajaona.

Zamani, enzi za Bwana Mbung'o, nyati na swala walikuwa wakiingia kwenye kiwanja cha ndege. Kazi ya mtu wa chini ilikuwa kutoka mbio, kusimama mahali rubani anapomwona, na kuuzungusha mkono juu ya kichwa. Maana yake: usitue, njia ina kitu, zunguka tena. Rubani hakupaswa kujadili. Akiona mkono ule, anaongeza moto na kupanda. Bonaventura aliijua ishara hiyo kabla hajajua kusoma.

Kazimili alitoka mbele ya umati, akasimama kwenye nyasi, akauzungusha mkono juu ya kichwa.

Magurudumu yalikuwa karibu kugusa. Injini ikanguruma kwa nguvu, pua ikainuka, na ndege ikapita juu ya vichwa vyao huku watu wakishangilia kama wendawazimu. Safari hii ilikuwa chini na ilikuwa inavutwa juu kwa nguvu zote. Ilipofika mwisho wa uwanja ikainama kugeuka. Bawa la juu la kushoto likakunjika, bila haraka, namna mtu anavyokunja mkono. Kisha la chini likalifuata. Ikazunguka mara moja hewani, ikaanguka kwenye shamba la pamba nje ya kijiji, na vigelegele vya waliokuwa nyuma, ambao hawakuona, vikaendelea kidogo baada ya mshindo.

Shibuda ndiye aliyefika wa kwanza. Aliwazuia wengine kwa fimbo yake. Bonaventura alikuwa bado amefungwa mkanda kitini, na hapakuwa na la kufanya.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Waseme watakavyo. Bonaventura alisikia la mkuu.

Walikuja wataalamu wa ndege kutoka mbali kutazama mabaki. Walikuwa wapole. Mmoja wao aliokota kipande cha bawa, akashika ubavu kwa mkono mmoja na boriti kwa mkono mwingine, akavitenganisha bila kutumia nguvu, na unga ukamwagika kwenye viatu vyake. Akamweleza Kazimili kwamba mbao hazina kosa, zingeweza kukaa miaka mingine mingi; kilichokufa ni gundi, imekaushwa mno, labda mahali ilipowekwa palikuwa na joto. Akauliza kama ghala lina joto. Kazimili akasema, "Tulikuwa tunawasha moshi." Yule mtu akainamisha kichwa.

Kijijini watu walitafuta wa kulaumiwa, na hakuna aliyemlaumu Kazimili. Wengine walisema ni laana ya vita, wengine walimtaja Telesfori kwa kulazimisha sherehe, wengine ile mizimu. Kazimili walimhurumia. Mzee wa watu, amepoteza mpwa na amepoteza ndege siku moja! Walimletea ndizi, walimletea maharage, walimshika mkono kwa mikono miwili. Kila aliyemhurumia alimwongezea mzigo. Alijua habari ya gundi, aliibeba usiku na mchana, lakini alijipa faraja moja: hakujua. Mtu aliyetunza kwa mapenzi, kwa njia aliyorithi kwa mama yake, akakosea bila kujua, Mungu atamtazama kwa jicho hilo. Kuhusu mkono wake ule uwanjani hakuwaza. Alijizuia kuuwaza, na kwa kuwa watu wote walikuwa wakitazama juu, hakuna aliyemkumbusha.

Matanga yalipokwisha alikwenda Kanazi kwa dada yake. Alitembea njia nzima akijiandaa kusema kuhusu moshi.

Eufrazia alimpokea vizuri. Alimwekea kigoda nje, akamletea uji kwenye kikombe cha bati, akaketi kwenye mkeka, miguu amenyoosha. Alikuwa amezeeka kwa ghafla, lakini sauti yake ilikuwa tulivu.

"Dada," Kazimili akaanza, "ule moshi niliokuwa nawasha..."

"Najua habari ya moshi," Eufrazia akasema. "Aliniambia."

Kazimili akakishusha kikombe.

"Alikuja hapa baada ya kutoka kwako ghalani. Alisema mbao za mjomba ni nzima ila gundi imekuwa unga, moto umeipika. Nikamwambia basi usiruke, mwanangu. Akasema, mama, nikikataa mbele ya watu wote nitakuwa nimemvua mzee nguo. Ameitunza maisha yake yote. Nitapaa peke yangu, nitazunguka mara moja, polepole, nitatua, na baada ya hapo nitamweleza taratibu, na haitaruka tena. Mara moja itastahimili. Alinihakikishia hivyo, akanywa uji, akaenda."

Kuku alipita katikati yao akidonoadonoa.

"Sina ugomvi na moshi wako, kaka. Hukujua. Mimi ninachouuliza ukuta kila siku ni kimoja tu. Nilikuwa nimekaa kule nyuma na wale mama. Nilimwona akizunguka ile mara moja aliyosema. Nilimwona akishuka. Nikasema asante Mungu, kwa sauti, mpaka jirani yangu akanitazama. Alikuwa ameshafika chini, kaka. Alikuwa ameshafika. Kwa nini alipanda tena? Wewe ulikuwa mbele. Uliona nini?"

Jibu lilikuwepo, jepesi, limekaa mdomoni tayari. Ng'ombe. Ng'ombe wa Shibuda aliingia uwanjani. Nani angebisha? Watu walikuwa maelfu, mifugo ilikuwa kila mahali, na Bonaventura mwenyewe alikufa akiamini hivyo. Dada yake angepata kitu cha kumalizia maombolezo yake, na yeye angebaki na dada. Kazimili alimtazama usoni. Alikuwa na macho yaleyale ya mwanawe, yanayongoja mkubwa aseme ili yaamini.

"Hapakuwa na kitu uwanjani," akasema. "Ni mimi. Nilimzungushia mkono. Nilitaka waione tena."

Eufrazia hakupiga kelele. Alikaa akimtazama, muda mrefu, kama anayejaribu kumkumbuka mtu aliyewahi kukutana naye mahali. Kisha akainuka kwa kushika goti, akakichukua kikombe mikononi mwa kaka yake, uji ukiwa bado haujaguswa.

"Nenda nyumbani, mzee Kazimili," akasema, yeye ambaye tangu kuzaliwa hakuwahi kumwita kwa jina. Akaingia ndani, akafunga mlango.